Siku ya shabaha kwenye mgambo, na ganda moja lililotuweka porini mpaka jioni

Mjini watu wakisikia mgambo wanamuwaza yule anayekimbizana na machinga na kubeba meza za mama ntilie, na siwalaumu maana ndo sura wanayokutana nayo kila siku. Mgambo niliyopitia mimi kule kijijini ni kitu kingine kabisa. Ni Jeshi la Akiba, ni miezi ya kuamka kabla jogoo hajawika, mchakamchaka, kwata, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, kuzima moto, sheria, uraia, na mwishoni kabisa ndo inakuja ile siku ambayo kila kuruta anaiota tangu anaandikisha jina kwa mtendaji, siku ya shabaha. Vijana wengi wa kwetu wananiuliza kukoje huko, hasa mabinti, kwa hiyo nimeona nieleze vizuri, na nitaeleza na lile jambo la ganda la risasi maana kwangu mimi ndo somo lenyewe lilipokaa.

Kwanza mjue natokea wapi. Mimi nimekulia Biharamulo mkoa wa Kagera, na mtu wa kwetu aliyekua miaka ile ya tisini na elfu mbili hahitaji kuhubiriwa kuhusu bunduki isiyo na mwenyewe. Njia ya kwenda Ngara na ile ya Kibondo mabasi yalikuwa yanasubiriana mpaka yawe msururu ndo yaondoke na askari wenye silaha, vita vya Rwanda na Burundi vilikuwa vinasukuma silaha huku kwetu na majambazi wanalala porini wanasubiri magari. Mama akisafiri kwenda kuuguza ndugu sisi tunabaki roho juu mpaka tusikie amefika, na simu zenyewe zilikuwa za kutafuta. Hapo hujagusa bunduki hata siku moja lakini unajua kabisa kwamba kuna mahali, kuna siku, kuna mtu aliipoteza hesabu ya risasi zake zikamfikia jambazi.

Na wazee wetu nao wana ya kwao. Mkoa huu ndo ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwishoni mwa Oktoba 1978, wakashika ardhi yote mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na lile kanisa pale mlimani Kyaka magofu yake mpaka leo ukipita unayaona. Wakati huo vijijini tayari kulikuwa na watu waliofundishwa silaha, maana Amin alipompindua Rais Obote Januari 25, 1971, Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitoka Februari mwaka huohuo na ukasema ulinzi ni kazi ya wananchi wenyewe, wakulima na wafanyakazi wakaanza kufundishwa vijijini na viwandani. Vita ilipokuja wanamgambo kwa maelfu wakaingizwa jeshini, wengine walitoka shambani moja kwa moja, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Ukienda Kaboya kule Muleba utaona makaburi ya waliorudishwa wakiwa maiti. Kwa hiyo kwetu mzee akikwambia nilikuwa mgambo hasemi kwa kuinamisha kichwa, anasema kwa kifua.

Sasa turudi kwenye shabaha. Watu wanadhani unapewa bunduki unaambiwa haya lenga piga. Wiki nyingi kabla ya hiyo siku sisi tulikuwa tunashika silaha tupu. Zilikuwa SAR, zile ndefu zenye ubao ambazo zinaingiza risasi kumi, uzito kama kilo nne hivi, na ukiishika mkono umenyooka dakika chache tu bega linaanza kutetemeka. Tulifundishwa kuifungua na kuifunga, kila kipande jina lake na kazi yake, tunarudia mpaka vidole vinajua vyenyewe, mtu anaamshwa mstari wa nyuma anaambiwa taja, anataja. Afande wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka, kwamba hakuna bunduki tupu duniani, hata umeona kwa macho yako ikifunguliwa, hata umeikagua mwenyewe sasa hivi, ukiiweka chini ukaiokota tena unaikagua upya. Na mtutu kamwe hauangalii mtu, na kidole kinakaa nje ya triga mpaka macho yako yameshakubaliana na tageti.

Kuna zoezi moja nililipenda sana. Unalala kifudifudi, bunduki tupu imekokiwa, mwenzako anakuwekea sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mtutu karibu na mdomo, unavuta triga taratibu, kama sarafu imeanguka basi umeivuta kwa papara, kama imebaki unafanya tena. Mnaweza kufanya hivyo asubuhi nzima. Mwanzoni inaonekana upuuzi, baadaye unagundua kwamba shabaha karibu yote ipo hapo, kwenye kuvuta bila kuishtua bunduki, na kwenye pumzi, unavuta hewa unaachia nusu unasimama kidogo hapohapo unavuta triga, usikae sana maana ukibana pumzi muda mrefu jicho linaanza kuona ukungu.

Jambo lingine ni jicho. Kulikuwa na kaka mmoja mvuvi kutoka upande wa ziwani, mkono wa kulia, nguvu anazo, utulivu anao, lakini kila akilenga kwa mazoezi afande akiangalia anamwambia mbona umelenga pembeni. Ndo tukafundishwa kutafuta jicho kuu. Unanyoosha mikono mbele unafanya katundu kadogo katikati ya viganja, unaangalia kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili, alafu unafumba moja moja, lile ambalo ukilifumba kitu kinapotea ndo jicho lako kuu. Yule kaka jicho lake kuu lilikuwa la kushoto na bunduki alikuwa anaiweka bega la kulia. Akahamishia kitako bega la kushoto, siku mbili tatu za kuhangaika, alafu akaja kuwa mmoja wa waliopiga vizuri kuliko wote. Mabinti naomba mlishike hili, maana nimesikia wengi wanaambiwa nyie hamna shabaha, wakati hakuna aliyewapima macho.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Walichagua mwisho wa wiki maana wengi wetu tuna mashamba na wengine wana vibarua, na pia uwanja wa shabaha uko mbali, bonde lenye mlima mrefu nyuma yake. Siku tatu kabla mtendaji alishapita na kipaza sauti vijiji vya karibu, wachungaji wasipeleke ng'ombe upande ule, watoto wasiende kuokota kuni, kwa sababu risasi ya SAR ikikosa mlima inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na huko mbele hujui nani analima. Asubuhi bendera nyekundu ikapandishwa, walinzi wakawekwa kwenye njia zote za miguu, gari la wagonjwa likasimama tayari na mhudumu wake. Silaha na risasi zilikuja na askari, kwenye masanduku, kila kitu kina daftari.

Hapa niseme kitu kuhusu masikio maana hakuna aliyetuambia mapema. Mlio wa bunduki kubwa unavuka desibeli 140 na hicho ni kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuliumiza sikio moja kwa moja, na ukishapoteza usikivu wa namna hiyo haurudi. Wengi wetu tulikuja na pamba. Pamba inapunguza kidogo sana. Mimi nilikaa na mlio wa nzi masikioni mpaka Jumatatu. Nunueni zile plagi za sponji, zinauzwa famasi na kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, bei yake ni ndogo, unazisokota unavuta sikio juu unazisukuma ndani mpaka zivimbe humo.

Tulipangwa kumi kumi. Kila mtu risasi tano. Basi. Miezi yote ile, jasho lote lile, risasi tano. Kuna waliolalamika kwa sauti ya chini lakini mimi nikaja kuelewa baadaye. Unaitwa jina, unafika mezani, karani anakuhesabia risasi mkononi moja moja kwa sauti, na wewe unazihesabu kwa sauti, unasaini. Unatembea mpaka kwenye mstari, unalala juu ya gunia, mtutu mbele, na nyuma ya kila wapigaji wawili kuna mwalimu amesimama. Amri moja unajaza. Amri nyingine unakoki. Nyingine unafungua usalama. Alafu ukimya. Moyo unadunda mpaka unaona ncha ya mbele ya bunduki inacheza kwa mapigo yake.

Ile ya kwanza kwa kweli sikuisikia kama mlio, niliisikia kama mtu amenipiga begani na vumbi likaniingia machoni. Kama kitako hujakibana vizuri ndani ya shimo la bega utaondoka na jeraha, nimeona dada mmoja bega limekuwa jeusi wiki nzima. Ya pili unaanza kukumbuka ulichofundishwa. Kufikia ya tatu pumzi inarudi mahali pake, na ya nne na ya tano nilizipiga kwa utulivu ambao sikujua ninao, tulipokwenda kwenye tageti mita mia mbele nikakuta matundu mawili yamekaa karibu kabisa na katikati na nikajua ni hizo.

Katikati ya zoezi kuna kijana risasi yake haikulia. Akavuta triga, kimya. Akaanza kugeuka kumuuliza mwalimu, na mwili ukigeuka mtutu nao unafuata. Mwalimu hakupiga kelele, alishuka kwa goti akaukandamiza mtutu ardhini uelekee mlimani huku anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, mdogo wangu, uso mbele, inua mkono tu. Wakasubiri kwa muda maana risasi inaweza kuchelewa kuwaka, wakaitoa, wakaiweka pembeni, ikaandikwa. Hapo nilijifunza kitu ambacho nakitumia mpaka nyumbani na wanangu, mtu mwenye kitu cha hatari mkononi humpigii kelele, unakishika kwanza kile kitu.

Sasa ganda. Kundi la sita au la saba hivi lilipomaliza, maganda yakaokotwa yakahesabiwa mezani kama makundi mengine. Risasi 50 zilitoka, zote zimelia, maganda 49. Wakahesabu tena. 49. Shabaha ikasimama palepale. Afande akasema kila mtu chini, tutafute.

Jua la saa saba, chakula kipo kwenye masufuria tunasikia harufu ya maharage, watu zaidi ya mia moja tunatambaa kwenye nyasi mstari kwa mstari tunapapasa ardhi kwa viganja. SAR inarusha ganda juu na kulia, linaweza kudunda kwenye jiwe likaenda usikotegemea. Saa moja ikapita. Minong'ono ikaanza, watu wana njaa, mtu mmoja mzima kabisa akasema kwa sauti, afande si ni bati tu hili, dukani halinunui hata pipi, tuendelee. Afande akasimama akatuita tukae chini ya mti, akatueleza bila hasira.

Akasema ganda ndo ushahidi wenu. Risasi iliyolia inaacha ganda. Ganda likikosekana mimi sijui kama risasi ililia au iko kwenye soksi ya mtu, nasadiki ililia kwa sababu nimesikia milio, lakini milio kumi inayolia pamoja nani ameihesabu? Na ikiwa kwenye soksi itafika wapi? Akanyoosha mkono upande wa barabara ile ya msituni. Hakuongeza neno. Pale tulikuwa wengi ambao ndugu zetu waliwahi kulazwa chini ya basi usiku wakivuliwa mpaka viatu. Hakuna aliyenung'unika tena.

Kijana mmoja, mpenzi wa kuangalia video, akamuuliza mbona Marekani watu wanajikusanya wikiendi na bunduki zao binafsi wanajifundisha wenyewe porini na hakuna karani wa kuhesabu maganda, na Uswisi je, si wanakaa na bunduki za jeshi kabatini? Afande akajibu kwamba huku kwetu Katiba ibara ya 147 imekataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote, ndo maana bunduki hizi leo zinarudi ghalani na hakuna hata mmoja wenu atakayelala nayo. Na kuhusu Uswisi akasema kweli bunduki wanakaa nazo, lakini mwaka 2007 waliamua risasi walizokuwa wanaweka majumbani zikusanywe zirudi ghalani. Mimi nakubaliana naye kwa moyo wote. Kundi la watu wenye shabaha nzuri na hawana wa kumpa hesabu ni hatari kwa jirani zao hata kama wameanza kwa nia njema, na sisi wa Kagera tumeishi karibu sana na nchi zilizoteseka kwa makundi ya namna hiyo kiasi kwamba sihitaji kubishana na mtu.

Tuliendelea kutafuta. Likapatikana kama saa kumi hivi, dada mmoja alipoamua kukunjua magunia yaliyokuwa yameshakusanywa, lilikuwa limejificha kwenye mkunjo wa gunia. Watu walishangilia utadhani Simba wamefunga dakika ya mwisho. Likawekwa mezani, 50, karani akaandika, makundi yaliyobaki yakapiga mpaka jua linazama. Kabla ya kuondoka kila mmoja alipita mbele ya afande, mifuko imegeuzwa nje, unasema kwa sauti, sina risasi, sina ganda, afande. Nilipoisema nilihisi uzito wake, maana ukisema uongo hapo umedanganya watu wengi sana kwa mpigo.

Usiku tulisafisha silaha kwa taa za simu. Maji ya moto kwanza ndani ya mtutu, kitambaa, alafu mafuta, kwa sababu risasi nyingi za aina hiyo fataki yake, kile kinachowasha baruti, inaacha chumvi ndani na chumvi inavuta unyevu, ukilala bila kusafisha asubuhi unakuta kutu. Sikulala na njaa maana yale maharage yalikuwa bado yapo, yamepoa, matamu vilevile.

Baada ya kuhitimu nilipata kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja binafsi mjini, wengi waliopita mgambo huishia huko. Siku ya kwanza lindoni niliyempokea zamu akanikabidhi shotigani akaniambia zimo tano, twende. Nikaikagua, nikazitoa, zilikuwa nne. Nikauliza daftari la makabidhiano liko wapi, akasema hapa tunapokezana kwa mdomo dada, miaka yote. Alikuwa mzee wa heshima na sikutaka kumvunjia, nikamwambia baba shikamoo naomba nisiipokee mpaka msimamizi aje. Alinuna sana. Msimamizi akaja, akanuna naye, ila risasi ya tano ilitafutwa ikakutwa kwenye droo ya meza ya mapokezi, mahali ambapo watoto wa wateja wanakaa wakisubiri wazazi wao. Wiki ileile daftari lilinunuliwa na yule mzee ndo alikuwa wa kwanza kuniita nisaini kila jioni.

Kwa wale wanaojiandaa, mengine madogo madogo. Muulizeni mshauri wa mgambo wa wilaya gharama zote kabla hamjaanza, sare na viatu mara nyingi mtajinunulia wenyewe na kuna vijana wameacha katikati kwa sababu hiyo tu. Mafunzo yenyewe hayana mshahara, kwa hiyo panga nani atalima. Siku ya shabaha vaa shati la kola lenye kufungwa mpaka juu, ganda likitoka linakuwa la moto na likikuingia kifuani utaruka na bunduki mkononi. Nywele zibane chini kabisa zisigonge kitako. Kunywa maji mengi jana yake. Kama una miwani ivae, usiogope kuchekwa, uliza mwalimu akurekebishie namna ya kuweka shavu. Na kama mwalimu amekupanga upande wa bega lisilo la jicho lako kuu, mwambie kwa heshima kabla hujapewa zile tano.